Swali la Saba

Kwa miaka tisa daftari la jumuiya lilikuwa na mwandiko wa mtu mmoja na saini ya mtu mwingine. Mwandiko ulikuwa wa Mama Pindo, fundi cherehani. Saini ilikuwa ya kinyozi. Kila mtu alilijua hilo na hakuna aliyeliona la ajabu, maana jambo likishazoeleka huvaa sura ya sheria.

Lilianza mwaka wa uchaguzi. Kura za ukatibu zilipohesabiwa, Mama Pindo alipata ishirini na nane, aliyemfuata akapata tatu. Paroko wa wakati huo alisimama, akakohoa, akasema kwa upole kwamba katiba ya parokia iko wazi: kiongozi wa jumuiya lazima awe mtu anayepokea sakramenti. Mama Pindo alikuwa hapokei. Akiwa na miaka ishirini alifunga ndoa kanisani na dereva wa lori, mtu wa maneno matamu na mguu mwepesi. Mwaka wa tatu dereva alisafiri kama kawaida, asirudi. Baadaye ikasikika kwamba ana mke na watoto mji wa mbali. Mama Pindo alikaa peke yake miaka sita. Kisha akaja seremala, mtu mpole asiye na haraka, wakaanza maisha, wakajaliwa mabinti wawili. Kwa serikali ni mume na mke. Kwa Kanisa, yule dereva ndiye mume, na seremala ni jambo jingine ambalo watu wa jumuiya, kwa adabu zao, hawakulipa jina.

Si kwamba hakujaribu. Alipeleka shauri lake jimboni, ichunguzwe kama ndoa ile ya kwanza ilikuwa ndoa kweli. Wakataka mashahidi wawili waliosimamia harusi. Mmoja alikuwa ameshakufa. Wa pili alikuwa kaka wa dereva, naye akasema hawezi kumsema ndugu yake mbele ya watu wasiomjua. Jalada likawekwa juu ya majalada mengine, likakaa.

Ndipo jumuiya ikatafuta njia ya kati. Kinyozi, mwenye ndoa isiyo na doa na saini yenye mikunjo kama mzabibu, akawa Katibu. Mama Pindo akawa "msaidizi", cheo ambacho katiba haikukitaja na kwa hiyo haikukikataza. Yeye aandike, kinyozi atie saini. Kinyozi mwenyewe alizoea kuwaambia wateja wake, "Kumbukumbu ni za dada yangu. Mimi natia mkia tu."

Na kweli aliandika. Kikaoni alikuja na karatasi za kukatia nguo, akatumia upande wa nyuma, akichukua maneno kama yalivyotoka mdomoni mwa mtu. Jumatano, akishamaliza oda za siku, alifuta meza, akachora pambizo kwa rula ileile ya kupimia mapindo, akanakili kwenye daftari. Hakuongeza wala hakupunguza. Mtu akisema anadhani, aliandika anadhani. Hata jina lake lilitokana na tabia hiyo: pindo la gauni likienda upande kwa upana wa uzi, alilifumua lote, hata kama mwenye gauni amesimama mlangoni anamwambia mama, acha, nani atatazama huko chini? Lilikuwa jina la kumcheka mwanzoni. Mwishowe hata yeye alilipenda.

Kitu kimoja hakikuwahi kuonekana katika daftari lile: neno lake mwenyewe. Aliona kwamba anayeandika hasemi, kama vile anayeshika tochi hajimuliki.

Kisha ikaja barua kutoka jimboni. Kanisa lilitaka kuwasikia waamini wake kuhusu maisha ya familia na nafasi ya wanawake. Maswali yalikuwa tisa, na barua ilisisitiza kwamba kila mbatizwa aulizwe, bila kumwacha mtu. Mwenyekiti wa jumuiya, ambaye wote walimwita Mzee Mizani, aliisoma mara mbili. Alikuwa mkaguzi wa mizani mstaafu. Miaka thelathini alizunguka masokoni na maghalani kuhakikisha mizani za watu zinasema kweli, na hata sasa akikaa kitini alinyooka kama mtu anayejipima. Akapanga kazi: maswali matatu kila Jumamosi, kikao cha nne cha kuthibitisha kumbukumbu, kisha fomu iende parokiani.

Jumamosi ya kwanza walikutana sebuleni kwa mkunga. Watu walikuwa thelathini na mmoja, wengine kwenye makochi, wengine kwenye mabenchi ya kuazima, na wanawake wawili juu ya ndoo zilizogeuzwa. Wengi walidhani itakuwa sala ndefu na majibu mafupi. Haikuwa hivyo. Swali la uzazi liliposomwa, mkunga, aliyekuwa amefanya kazi wodi ya wazazi miaka ishirini na miwili, aliomba kusema kwanza.

"Mimi nafundisha njia ya asili kama Kanisa lilivyonifundisha. Nawachorea wanawake kalenda, nawaeleza siku. Lakini kalenda ile ni ya watu wawili, na mmoja wao hajawahi kuja darasani hata siku moja."

Wanawake walicheka. Wanaume walitazama viatu vyao. Mzee Mizani akajibu kwamba mafundisho hayapimwi kwa udhaifu wa mtu. Mizani ikisema kilo tano na wewe unataka sita, hupigi nyundo mizani. Mkunga akasema hajaomba mizani ipigwe nyundo. Anaomba tu kwamba siku moja aisome mtu aliyewahi kuubeba mzigo.

Hapo wote wakamgeukia Bibi Rozari, mkubwa wao kwa umri, aliyezaa tisa na kuzika watatu. Walitegemea atakuwa upande wa mkunga. Bibi akasogeza rozari mkononi, akasema hapana. Kila mtoto wake alikuja na nafasi yake, na hata wale watatu hawajutii. "Ninyi mnataka Kanisa liwafuate," alisema. "Mimi nililifuata, likanifikisha." Mama Pindo aliandika na hilo, lote, bila kulifupisha.

Jumamosi ya pili ilikuwa zamu ya wanawake na uongozi. Mwalimu mmoja wa chekechea, binti mwenye sauti ndogo na maneno makali, aliuliza kwa nini kwenye jumuiya wanawake ndio wanaoongoza sala, wanaofundisha watoto katekisimu na wanaokaa na wafiwa, lakini kwenye halmashauri ya parokia wamo wawili kati ya kumi na wanane, na wote wawili ni wa kupika chai. Mzee mmoja akahofia kwamba kesho watataka upadre. Kinyozi akasema ikifika huko, walau misa itaanza altare ikiwa imefagiwa. Bibi Rozari alisubiri kicheko kiishe. Hakuwa na hamu, alisema, ya kumwona mwanamke altareni na Mungu amchukue kabla ya siku hiyo. Ila angependa, kabla hajachukuliwa, asikie mahubiri ya uchungu wa kuzaa kutoka kwa mtu aliyewahi kuupata. Kinyozi akamwambia, "Bibi, sasa wewe uko upande gani?" Bibi akamwambia yuko upande wa kiti alichokalia.

Mama Pindo alijaza karatasi kumi na moja siku hiyo. Alirudi nyumbani vidole vikimuuma, na moyoni alikuwa na furaha asiyoijua jina.

Jumamosi ya tatu wakafika swali la saba. Mzee Mizani alilisoma kwa sauti yake ya ukaguzi: je, wapo katika jumuiya yenu waliotengana na wenzi wao wa ndoa na sasa wanaishi na wengine, na wao wenyewe wanasemaje kuhusu nafasi yao katika Kanisa?

Wenye swali hilo walikuwamo wanne, na mmoja wao ndiye aliyeshika kalamu. Hakuna aliyemtazama. Watu thelathini walitazama kila mahali isipokuwa kwake: wengine dari, wengine msalaba ukutani, wengine watoto wao. Kinyozi, ambaye hapendi kuona mtu akiumia mbele yake, ndiye aliyeokoa.

"Hili halituhusu sana. Tulipite."

Mzee Mizani akashusha miwani. "Tulipite. Swali la nane."

Na mkono wa Mama Pindo, kwa mazoea yake ya miaka tisa, ukaandika: Swali la saba limepitwa.

Jumatano alipokuwa akinakili alifika kwenye mstari huo, akasimama. Aliusoma kama fundi anavyosoma kipimo anachojua kimekosewa. Hakuwa na hasira nao. Walimpita kwa wema, na hilo ndilo lililomsumbua, maana ubaya angejua pa kuushikia. Chini ya mstari ule kulikuwa na nusu ukurasa mtupu. Angeweza kungoja kumbukumbu zithibitishwe, kisha akaandika lolote pale, kinyozi angetia saini bila kusoma, na hakuna ambaye angejua mpaka fomu ifike jimboni.

Alikaa nalo wazo hilo kwa muda wa kupoa kwa pasi. Kisha akaliacha. Daftari lile lilikuwa la maneno yaliyosemwa. Neno ambalo halikusemwa kikaoni hakuwa na haki ya kuliingiza, hata kama ni lake, na hasa likiwa lake. Kwa hiyo ilibaki njia moja. Lisemwe.

Alizunguka ukuta akaingia karakanani kwa mumewe. Seremala alikuwa akipiga randa mlango. Alimsikiliza mpaka mwisho bila kuinua kichwa, kama anavyowasikiliza wateja wanaobadili mawazo.

"Mimi niseme nini, mke wangu?" alisema. "Mimi ndiye dhambi yenyewe."

Wakacheka kidogo. Kisha seremala akaweka randa chini, akauliza lile lililokuwa likimkaa: je, wakimnyang'anya daftari? Je, wakimnyang'anya vitambaa vya altare, ambavyo amevifua na kuvipiga pasi muda wote walioishi pamoja? "Ukinyamaza," alisema, "hakuna atakayekugusa."

"Nimenyamaza miaka kumi na saba. Kweli hakuna aliyenigusa. Wala hakuna aliyeniuliza."

Seremala alipuliza vumbi la mbao kwenye ukingo wa mlango, akalipapasa kwa kidole. "Basi nitakaa karibu na mlango. Wakikutoa, tutoke wawili."

Kesho yake alikwenda kwa Mzee Mizani. Alimkuta barazani na mizani kuukuu ya jirani mbele yake, akiisafisha kwa mswaki. Mama Pindo alikataa chai, akakaa ncha ya kiti, akaingia moja kwa moja.

"Mzee, kikao cha Jumamosi ni cha kuthibitisha kumbukumbu. Mwanajumuiya yeyote anaweza kuleta marekebisho."

"Anaweza."

"Imeandikwa kwamba swali la saba limepitwa. Nitaleta marekebisho."

Mzee Mizani aliendelea kusugua kwa muda. Alipojibu, sauti yake ilikuwa ya baba na si ya mwenyekiti. "Mama, tulilipita kwa ajili yako. Tulitaka kukusitiri."

"Najua, mzee, na nashukuru. Lakini mmenisitiri mpaka jimbo limeuliza kama nipo, na ninyi mmejibu sipo."

Mzee Mizani akamweleza, naye, yaliyokuwa moyoni mwake, na hakuwa mtu wa kuficha. Alichounganisha Mungu binadamu asikitenganishe. Hayo si maneno ya kamati. Vijana wanatazama. Mtoto wake mwenyewe wa kiume anaishi na mtu bila ndoa, na kila akimwambia, anajibiwa baba, mbona fulani na fulani mnasali nao? Tukianza kupiga makofi, alisema, tutaishia wapi?

"Sikuombi unipigie makofi, mzee. Nakuomba zamu ya kusema."

"Nitakupinga."

"Unipinge. Nami nimekuja kukwambia mapema ili ujiandae."

Hilo lilimgusa pahali. Aliinua ile mizani, akaitazama kama imekaa sawa. "Kazini tulikuwa tukisema mizani haichagui mzigo," alisema. "Njoo Jumamosi."

Siku yenyewe ilikuwa na joto, na sebule ya mkunga ilijaa kuliko siku zote, kwa sababu neno husafiri hata lisipotumwa. Seremala, ambaye huja jumuiyani sikukuu kwa sikukuu, alikaa karibu na mlango kama alivyoahidi. Baada ya sala kinyozi akaanza kusoma kumbukumbu, akijikwaa hapa na pale, maana mengi alikuwa akikutana nayo kwa mara ya kwanza. Alisoma cha mkunga, watu wakaguna. Alisoma cha mwalimu wa chekechea, akatabasamu. Akafika: "Swali la saba limepitwa."

"Marekebisho?" aliuliza Mzee Mizani, akitazama mbele.

Mama Pindo aliweka kalamu juu ya karatasi zake, akasimama. Akafungua mdomo.

"Subiri kwanza," alisema Mzee Mizani. "Nani anaandika?"

Hilo hakuna aliyekuwa amelifikiria. Macho yote yakaenda kwenye kalamu iliyolala pale. Kwa miaka tisa jumuiya ilikuwa na makatibu wawili, na sasa ilionekana kwamba imekuwa na mmoja tu, naye amesimama. Kinyozi akageuka nyuma kuangalia kama yupo mwingine anayetafutwa.

"Katibu," alisema Mzee Mizani.

"Naam."

"Si ndiye wewe?"

Watu walicheka, kinyozi naye akacheka, kisha akagundua kwamba bado wanamngoja. Alisogea, akaichukua kalamu kama mwanaume anavyopokea mtoto mchanga wa mwenzie. Akaandika tarehe. Akaomba aambiwe tena namba ya swali.

Mama Pindo akaanza, na kwa sababu kinyozi hakuwa na kasi, ilimbidi aseme sentensi, asubiri, aseme nyingine. Pengine hilo lilimsaidia. Hapakuwa na nafasi ya kulia katikati.

"Mimi nipo katika swali la saba. Sitaki Kanisa liseme kwamba ndoa ni kitu cha kuvunja na kuokota. Mimi nilifunga ndoa nikiamini ni ya maisha, na bado naamini, ndiyo maana inaniuma. Aliyeondoka si mimi."

"Si mimi," alirudia kinyozi, akiandika.

"Vitambaa vya altare nafua mimi. Kile kidogo cha mraba, kinachokaa chini ya kikombe na sahani, nakikunja kwa ndani, ili kama pamebaki chembe isianguke. Nimefundishwa hivyo na nafanya hivyo. Halafu Jumapili, wakati wa komunyo, nasogeza magoti watu wapite."

"Polepole, dada. Umesema magoti?"

"Nimesema magoti. Miaka kumi na saba nasogeza magoti. Mapadre wanne wamepita hapa, wote wema, na hakuna hata mmoja aliyenikalisha akaniuliza, mama, ilikuwaje? Kama jibu ni hapana, nataka iwe hapana ya mtu aliyenisikiliza. Na shauri langu lililolala jimboni kwa sababu shahidi hataki kusema, nataka kujua kama dhamiri yangu mimi si shahidi. Hayo tu."

Akakaa. Kinyozi aliandika dakika nzima baada ya yeye kukaa, na watu wakamngoja mpaka alipoweka nukta.

Mwashi mmoja, mtu mkubwa ambaye watu walisahau sauti yake ikoje, alisimama nyuma. Mkewe alimwacha zamani na sasa anaishi na mjane. "Andika na mimi nipo," alisema, akakaa, na benchi likalia.

Mzee Mizani akaeleza pingamizi lake, kwa urefu na bila kejeli. Huruma bila kweli humwacha mtu palepale alipoangukia, alisema, na yeye kama mwenyekiti hawezi kuomba komunyo itolewe kinyume cha neno la Bwana. Wengine wakamuunga mkono, na si wanaume peke yao. Mkunga akampinga. Mwalimu wa chekechea akampinga zaidi. Walipochoka, Bibi Rozari akanyoosha mkono wenye rozari.

"Mimi nasimama na mwenyekiti. Ndoa ni ndoa. Ila wiki iliyopita tulisema hatunao, na walikuwa wamekaa nasi hapa. Huo ni uongo, na tuliusema tumetoka kusali muda ule ule. Liandikwe kama alivyosema."

Likaandikwa. Kinyozi alitoka amelowa shati, akamwambia Mama Pindo mlangoni kwamba angejua kazi ile ikoje angekuwa anamnyoa mumewe bure.

Kunakili fomu kulibaki kwake, kwa kuwa ndiyo ilikuwa kazi ya msaidizi. Maneno ya kinyozi yalipanda na kushuka kama kuku waliotawanywa. Pahali fulani alisahau neno, pahali pengine aliandika ndani ya mabano "hapa Katibu aliomba arudie". Mkono wa Mama Pindo uliwasha kutaka kusahihisha. Akauzuia. Yeye safari hii alikuwa msemaji, na msemaji hapigi pasi kumbukumbu zake. Akanakili yote, na mabano.

Jumatatu paroko akamwita. Alikuwa padre kijana, mdogo kwake kwa miaka kumi na zaidi, na ofisi yake ilikuwa chumba chembamba chenye rafu ya vitabu vya ubatizo na dirisha lisilofunguka vizuri. Fomu ilikuwa mezani. Alimwambia ameisoma mara tatu, na kwamba hajawahi kupokea taarifa ya jumuiya inayosikika kama watu. Kisha akainamisha kichwa, na Mama Pindo akajua yale mengine yanakuja.

Halmashauri walikuwa wameshasikia. Jina lake lilikuwa limeandikwa wazi chini ya swali la saba, na mwandiko wa fomu nzima ulikuwa wake. Wangeuliza kwa nini mtu asiyepokea sakramenti ndiye anayeandika kumbukumbu za jumuiya. "Tukiandika tu, mwanajumuiya mmoja alisema," alipendekeza paroko, "maneno yatafika yote, na wewe utabaki na kazi yako. Tukiliacha jina lako hapo, mama, sitaweza kukutetea. Daftari itabidi liende."

Mama Pindo alifikiri kuhusu daftari. Aliliona lilivyo, pambizo zake, miaka tisa ya watu wakisema wanadhani na wanaamini. Hakuna kazi aliyoipenda zaidi ya ile, hata ushonaji.

"Na vitambaa, Baba?"

"Vitambaa hakuna anayeviulizia."

"Hivyo nitaendelea navyo. Jina liache lilivyo."

"Fikiri mpaka Jumapili."

"Baba, nilisema mbele ya watu thelathini, wakasema liandikwe kama nilivyosema. Nikiondoa jina nitakuwa nimerudi mwenyewe pale waliponipitia."

Paroko akaivuta fomu karibu. Alikuwa mtu mkweli, kwa hiyo akamwambia na la mwisho: karatasi zinakwenda mbali, zinasomwa na wengi, na jibu huenda lisije wakati wake yeye wala wa mabinti zake. Asije akaumia kwa kungoja.

"Sikuandika kuomba, Baba. Niliulizwa."

Paroko akaitikia kwa kichwa. Aliingiza fomu kwenye bahasha kubwa, akaifunga, akaandika jina la jimbo mbele yake. Kabla Mama Pindo hajaondoka alimwomba akae tena kidogo. Akasogeza kiti chake upande wa pili wa meza, akamuuliza ilikuwaje. Mama Pindo alikuwa na kanzu sita za watumishi wa altare za kupeleka kabla ya saa kumi. Zilichelewa.

Tangu hapo kinyozi ndiye anayeandika, na vikao vimerefuka kwa nusu saa. Watu wananung'unika, Mzee Mizani anawaambia wajifunze kusema machache. Yeye na Mama Pindo wanasalimiana kama zamani na hawajakubaliana bado. Kwa wiki mbili za kwanza mikono ya Mama Pindo haikujua pa kukaa, akawa anakunja na kukunjua leso. Wiki ya tatu alinyoosha mkono, akachangia hoja kuhusu ratiba ya kufundisha watoto, na hakuna aliyegeuka kushangaa.

Halafu Jumanne moja akaingia dukani mwanamke asiyemfahamu, mwenye umri usiozidi sana thelathini, na sketi mkononi. Alisema pindo limefumuka. Mama Pindo aliligeuza, akaona halijafumuka popote. Akangoja.

"Wewe ndiye yule wa swali la saba?"

"Ndiye."

Alitoka jumuiya ya upande wa pili wa parokia, ile iliyochelewa kurudisha fomu. Na kwao lilipitwa. Fomu yao ilikuwa inaondoka mwisho wa wiki, na alikuwa amekuja kuuliza kama Mama Pindo anaweza kumwandikia jibu, kimyakimya, alichomeke ndani ya fomu.

"La kuchomeka hapana," alisema Mama Pindo. "Kikao chenu cha kuthibitisha ni lini?"

"Kesho kutwa."

Mama Pindo alizima pasi, akaondoa vitambaa juu ya kiti cha wateja. "Basi tuna siku mbili. Kaa. Niambie kama utakavyowaambia wao."

Yule mwanamke alikaa, sketi mapajani. Aliuliza itakuwaje watu wakianza kumtazama.

"Watakutazama. Wewe endelea."

Akaanza, kwa sauti ya chini sana, akiiambia sketi.

"Kwa sauti," alisema Mama Pindo. "Anza tena."